Nilikwambia, Ukaandika

Nilipopangiwa kazi kwenye zahanati ile, katika kijiji kimoja cha Itilima ambacho kwa pikipiki ni kama saa nzima kutoka Mwamapalala, wanawake wa pale hawakuwa wanakuja kujifungulia kwetu. Walikuja kupima mimba, wakachukua chandarua, wakaenda zao. Uchungu ukianza walimwita bibi mmoja aliyekaa ng'ambo ya mto, mkunga wa jadi, mjane, ambaye mikono yake ilikuwa imepokea karibu kila mtu wa kijiji kile aliyekuwa chini ya miaka arobaini.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nilikuwa nimeambiwa nikazungumze na bibi yule aache kuzalisha. Wiki yangu ya kwanza nikavuka mto, siku hizo ni mchanga mtupu, nikaenda.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimia, kama tunavyomsalimia mama asubuhi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Alinitazama viatu kwanza, halafu uso. "Wa wapi?"

"Nassa."

"Watu wa samaki." Akaingia ndani, akatoka na bakuli la viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga. Aliningoja nile. Halafu akasema, "Najua ulichotumwa. Macho yangu yamechoka hata hivyo. Nitakuletea."

Na kweli aliniletea. Alikuwa akimshika mama mkono, anamvusha mto, anakaa upande wa kichwa chake hadi mtoto atoke. Mama akipiga kelele za kutaka kurudi nyumbani, bibi alimwekea kiganja mgongoni, chini karibu na kiuno, akakandamiza, na yule mama alitulia. Nilijaribu kuiga ule mkandamizo. Sikuupata. Kiganja chake kilikuwa kipana na kigumu, kiganja cha mtu aliyechuma pamba tangu utotoni, na alitembea haraka kiasi kwamba mama mjamzito alilazimika kumwambia apunguze.

Nimeanza na hilo ili ieleweke kwamba nilimjua akiwa na nguvu zake. Sikumkuta mzee aliyechoka nikadhani ndivyo alivyo. Yote yaliyofuata yalitokea mbele ya macho yangu, kwa miaka, mtu yule yule, benchi lile lile la zahanati.

Alikuwa pia mgonjwa wangu. Alikuwa na presha, si ya kutisha, na alimeza kidonge kimoja kwa siku. Kwetu kila mgonjwa huja na daftari lake, yale madaftari membamba ya wanafunzi, ambamo sisi huandika alichosema, tulichokiona na dawa tuliyompa. La kwake alikuwa akiliviringisha kwenye kipande cha kanga. Hakujua kusoma, lakini alilitunza kuliko watu wengi wanaojua.

Sikumbuki ni lini aliacha kuleta wanawake. Nakumbuka tu kwamba siku moja mama mmoja aliletwa na mkamwana wa bibi, mke wa mwanawe, mwanamke mwenye umri wangu, mkimya, na nilipomuuliza mama mkwe wake yuko wapi akasema, "Amelala. Anasema mwili umechoka." Nikaona ni sawa. Nikaona amepata mtu wa kumpokea kazi, apumzike sasa.

Siku za wagonjwa wa presha alikuja mwenyewe. Kwanza alikuja saa mbili asubuhi. Baadaye akawa anafika saa tatu. Halafu saa nne, jua limeshachoma, foleni imeisha, mimi nafunga rejesta. Siku moja nilimgombeza.

"Mayu, watu wa presha wanakuja asubuhi. Tulishakubaliana."

"Njia imerefuka, mwanangu," alisema.

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Na mimi nikacheka.

Alikuwa akisema mwili hauna nguvu. Nilimpima malaria, hakuna. Nikampa Panadol na vidonge vya vitamini. Mwezi uliofuata akasema magoti. Nikampa Panadol na dawa ya kuchua. Akasema chakula hakina ladha, nikamwambia ale matunda. Akasema akiinuka kichwa kinazunguka. Nikampima presha akiwa ameketi, nikaona haijashuka, nikaandika. Mwezi mwingine akasema tena kichwa kinazunguka. Nikaandika tena. Sikumdharau hata siku moja. Nilimpenda. Lakini alipokaa mbele yangu na kusema hayo, mimi nilisikia neno moja tu, uzee, na uzee hauna dawa kwenye kabati letu, kwa hiyo nilimpa kilichokuwepo, akashukuru, akaenda.

Mzani ulikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Tunapima watoto na wajawazito. Wazee hatuwapimi. Mkanda wa mashine ya presha, ambao zamani ulimtosha mkono barabara, ulianza kumzunguka na kubaki. Nilikuwa nauvuta zaidi tu, nabana, naendelea. Mikono yangu ilijua kwamba amekonda.

Siku niliyoongeza dawa ilikuwa kipindi cha kuchuma pamba. Alifika karibu na saa sita, amevuka mto peke yake, midomo imekauka. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na mama chumba cha pili. Nilimkalisha, sikumwacha apumzike hata dakika tano, nikampima. Ilikuwa juu. Mwezi uliotangulia pia ilikuwa juu kidogo. Nikamwambia, "Sasa tunameza viwili, mayu." Akarudia kwa vidole, viwili. Nikaandika kwenye daftari, nikahesabu vidonge, nikaenda kwa mama yule, akazaa salama.

Miezi miwili baadaye niliitwa Bariadi kwenye semina ya siku mbili juu ya huduma za wazee. Tulikuwa kama ishirini, matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya mkoa mzima. Nilikwenda kwa sababu tabibu wetu, kijana aliyekuwa msimamizi wa zahanati, alikuwa na homa. Nilifurahi kulala mjini, kununua sabuni na dawa ya mswaki kwenye maduka ya karibu na stendi na kula samaki.

Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Alitugawia vipande vya karatasi, akasema, "Andikeni kila mtu anavyoelewa. Ukisikia mzee huyu ni dhaifu, maana yake nini?"

Akakusanya, akasoma bila kutaja nani aliandika. Asiyejiweza. Anayetembelea fimbo. Aliyekosa watu wa kumtunza. Mwenye magonjwa mengi. Mmoja aliandika, mzee aliyesahaulika na Mungu, watu wakacheka. Karatasi yangu ilikuwa na neno moja, uzee, na aliposoma hiyo alikuta nyingine nne zenye neno hilo hilo.

"Haya," akasema. "Wazee wawili, umri mmoja, kijiji kimoja. Wote wanapata malaria ile ile. Mmoja baada ya wiki yuko shambani. Mwingine hainuki tena. Wote ni wazee. Tofauti yao ni nini?"

 Halafu muuguzi mmoja kutoka upande wa Ipililo, mwanaume mnene aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akasema, "Mmoja ghala lake lina mtama. Mwingine amebakiwa na wa chini kabisa."

"Ndiyo," mwezeshaji akasema. "Na ukimwona kwa nje, mlango wa ghala umefungwa, hujui. Mpaka siku mtama unapohitajika."

Akatufundisha namna ya kufungua. Muulize amepungua uzito. Muulize kama anachoka kwa kazi ambayo mwaka jana haikumchosha. Mwambie akushike mkono na akubane. Mwambie ainuke kwenye kiti bila kujishika. Mwache atembee kutoka mlangoni hadi kwako na wewe umtazame, usiinamie rejesta. Na kila mzee wa presha, akasema, apumzike kwanza, umpime ameketi, halafu umpime amesimama. "Kuna wazee ambao ukiwapima wameketi presha iko juu, wakisimama inaporomoka. Ukiwaongezea dawa, unawaangusha."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nakumbuka ilikuwa ya bluu. Sikusikia moyo kwenda mbio, wala jasho, wala kitu chochote kati ya vile ambavyo watu husema huvisikia. Nilisikia masikio kama yameingia maji. Niliandika: apimwe amesimama. Nikapigia mstari. Mwenzangu wa pembeni akaniomba nimwazime rula, nikampa.

Nilirudi kijijini Ijumaa mchana. Tabibu alikuwa amepona, alikuwa akipanga dawa kwenye kabati.

"Bibi yako ameanguka," aliniambia. "Jumanne. Hawakumleta. Nimesikia leo kwa watu wa mnadani."

"Jumanne," nikasema.

"Wanasema ni uzee tu, atainuka."

Niliweka begi langu chini, nikachukua mashine ya presha, nikavuka mto kwa miguu.

Alikuwa amelala kitandani, kwenye chumba cha kwanza, mlango wazi kupata mwanga. Mkamwana wake alikuwa amemwekea mto wa nguo chini ya goti. Nilipofunua kanga niliona mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto na wayo umegeukia nje. Hapo sikuhitaji kumgusa. Kila muuguzi anaujua mguu wa aina hiyo.

"Mwadila, mayu," nilisema, kwa kuwa ilikuwa alasiri.

"Mwadila. Umerudi kutoka mjini."

"Nimerudi. Ilikuwaje?"

"Niliinuka kwenda kuangalia kuku. Dunia ikawa nyeusi. Nilipofumbua macho nilikuwa chini na kuku wananitazama."

"Ulikuwa umemeza dawa?"

"Viwili," akasema, akanionyesha kwa vidole.

Nilimfunga mkanda. Ulizunguka mkono wake mara moja na nusu. Presha yake akiwa amelala ilikuwa ya kawaida. Akiwa amesimama sikuweza kujua, wala sitajua, kwa sababu hakusimama tena. Huenda ilikuwa dawa. Huenda ilikuwa miguu iliyokwisha misuli, au hakuwa amekula asubuhi, au vyote kwa pamoja. Nimeligeuza jambo hilo mara nyingi na linabaki hapo hapo.

"Mbona hukuniambia kwamba hali imekuwa hivi?" nilimuuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka kusema kitu.

Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayemkumbusha mwenzake alipoweka jembe. "Nilikwambia. Ukaandika."

Daftari lilikuwa juu ya sanduku, ndani ya kanga yake. Niliomba, nikalifungua. Mwandiko ni wangu ukurasa kwa ukurasa. Mwili kuchoka. Magoti. Hana hamu ya kula. Kizunguzungu akiinuka. Mwili kuchoka. Kizunguzungu akiinuka. Mwandiko mzuri, unaosomeka, nilikuwa nasifiwa chuoni kwa mwandiko. Kila kitu ambacho yule mama wa Bariadi alikuwa ametuambia tuulize, bibi alikuwa amekisema bila kuulizwa, na mimi nilikuwa nimekiandika.

Nilipiga simu, tukapata gari la wagonjwa kesho yake, tukampeleka hospitali Bariadi. Picha ilionyesha nyonga imevunjika. Daktari alieleza vizuri, kwa heshima, kwamba inatakiwa operesheni, kwamba itafanyika Mwanza, na kwamba mwili wa bibi huenda usihimili. Alimpima uzito kwenye kitanda chenye mzani. Aliutaja kwa sauti na kuuandika. Ulikuwa uzito wa msichana wa darasa la sita.

Mwanawe, mfugaji, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amesimama kando ya dirisha na kofia mkononi. Alimwinamia mama yake, wakaongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Niliwaelewa, ni lugha yangu. Alimuuliza anataka nini. Bibi akasema anataka mlango wake.

Tukamrudisha.

Kwa wiki sita nilivuka mto kila siku baada ya kazi. Nilimfundisha mkamwana kumgeuza kila baada ya muda, kumpaka mafuta sehemu zinazogandamizwa, kumpa uji kidogo kidogo wenye maziwa na karanga, kumkalisha kwa kumwegemeza ili kifua kisijae. Alijifunza haraka. Alimbeba mama mkwe wake kama anavyobeba debe la maji, bila kuongea. Kidonda kilitokea hata hivyo, chini ya mgongo, pale pale ambapo bibi alikuwa akiwakandamiza wanawake kiganja. Nilikisafisha. Alikuwa hasemi kitu nikisafisha. Mara moja tu aliniambia, "Mkono wako mwepesi. Kandamiza," na nilipokandamiza pembeni ya kidonda akafumba macho, akalala.

Niliwaambia kuhusu dawa wiki ya tatu. Tabibu alikuwa amenishauri nisiwaambie. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Ungejuaje? Hata mimi ningeongeza. Na huna uhakika." Yote hayo ni kweli. Lakini niliona kwamba nitaendelea kuingia kwenye nyumba ile, kupewa kigoda, kupewa maziwa, na wao hawajui.

Basi jioni moja, jua halijazama, tulikuwa uani, mwanawe amerudi na ng'ombe. Nilimwambia, "Kaka, kuna jambo. Mimi ndiye niliyeongeza dawa ya presha ya mama. Nilipaswa kumpima akiwa amesimama, sikumpima. Aliniambia mara mbili kwamba akiinuka anapata kizunguzungu. Inawezekana dawa ile ndiyo iliyomwangusha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kujibu. Akapangusa fimbo yake kwa kiganja.

"Nesi," akasema, "mama ni mzee."

"Naelewa, lakini..."

"Ni mzee. Baba yake alikwenda hivyo hivyo. Wewe umekuja hapa kila siku. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuja hapa kila siku." Akainuka kwenda kufunga zizi.

Mkamwana alikuwa akichambua mlenda, hakuinua kichwa. Akauliza, "Kwa hiyo vile vidonge vilivyobaki, nivitupe?"

"Nirudishie mimi," nilisema.

Akaenda ndani akaniletea, vikiwa kwenye pakiti, na alikuwa amevifunga vizuri kwa uzi.

Nilitembea kurudi nikiwa nimevishika. Nilitegemea kwamba baada ya kusema nitasikia nafuu, au nitasikia vibaya zaidi. Nilisikia njaa. Nilipika ugali, nikala, nikafua sare yangu ya kesho yake.

Alifariki siku ya kliniki ya watoto. Kifua kilikuwa kimembana siku nne, dawa za sindano hazikusaidia. Kijana wa jirani alileta taarifa, tabibu akaja akasimama mlangoni na kusema tu, "Bibi." Nilikuwa na sindano mkononi na mtoto wa miezi mitatu mapajani mwa mama yake. Nilimchoma. Baraza zima lilikuwa limejaa akina mama, na kwa kuwa habari huenda haraka walikwishaanza kunong'ona. Wengi wao bibi alikuwa amewapokea walipozaliwa, halafu akawaleta kwangu kujifungua. Nilimaliza foleni yote. Nilifanya kazi vizuri siku ile, sikukosea rejesta hata mstari mmoja.

Msibani watu walinipa pole kama vile mimi ni ndugu. Nilijibu asante. Wanawake waliimba, nikakaa nao kwenye mkeka na nikasaidia kuosha vyombo. Dada mmoja aliyejifungua mapacha kwangu, bibi akiwa amemshika mgongo, alinilalia begani akalia mpaka blauzi yangu ikalowa. Nilimpapasa kichwa. Nilikuwa natazama kuku wakizunguka chini ya miguu ya watu, na nilikuwa nikifikiri kwamba lazima mtu awape maji.

Sasa nimepanga chumba upya. Kiti cha mgonjwa kipo karibu na meza, lakini benchi la wazee nimelisogeza hadi mlangoni, na nikimwita mtu siinamii rejesta, namtazama anavyoinuka na anavyokuja. Nawapa muda wa kupumzika kabla ya kuwapima. Wanapanda mzani, wanasimama, nawapima tena. Nawaambia wanibane mkono. Wengine hunibana mpaka vidole vinauma na kucheka, na hao siwasumbui. Wengine wanabana na sihisi kitu.

Mzee mmoja, aliyewahi kuwa mlinzi wa kiwanda cha kuchambulia pamba, alilalamika mbele ya watu wote.

"Kaa, simama, tembea, panda hapa. Unanirudisha shule?"

"Ndiyo, baba. Simama tena."

Alisimama ameshika ukingo wa meza. Presha yake iliporomoka kiasi kwamba nilipima mara ya pili nikidhani mashine imekosea. Nikamuuliza kama huwa anaona giza akiinuka. Akasema, "Kila mzee anaona giza." Nilipunguza dawa. Niliandika kwenye daftari lake kwa herufi kubwa, halafu nikaweka kalamu chini na kumweleza mke wake aliyekuja naye: aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, anywe maji, ndipo ainuke, ale dagaa, maharage, yai akilipata, atembee kila siku hadi kwa jirani na kurudi. Mwezi uliofuata alikuja akiongelea ndama wake tu, giza hakulitaja. Tabibu alinipongeza. Aliniomba niwaeleze wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba, na niliwaeleza, nao wakauliza maswali mazuri. Mmoja aliniuliza jina la tatizo hili kwa Kiswahili ni lipi, aliandike. Nilimwambia aandike anachokiona: amekonda, anachoka, anatembea polepole, ameanguka. Akasema hilo si jina. Nikamwambia najua.

Huwa naulizwa kama niliumia. Mama yangu, ambaye bado yupo Nassa na bado anaanika dagaa mwenyewe, aliniuliza kwenye simu nilipomsimulia. Nikamwambia sijui. Akasema nikienda likizo nimpime na yeye. Nilikwenda, nikampima ameketi na amesimama, akaniinukia kwenye kiti bila kujishika, amekunja mikono kifuani, mara tano, akihesabu kwa sauti na kunitazama ili niseme kitu. Nilisema, "Vizuri, mama." Yeye akaendelea kunitazama.

Mwezi uliopita mkamwana wa bibi alikuja zahanati, peke yake, bila kuleta mtu. Alikaa kwenye foleni na kina mama wengine mpaka zamu yake ikafika.

"Mgongo," alisema.

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu nilipokuwa namgeuza mama."

Ilikuwa miezi minane. Nilikuwa nimeingia kwenye nyumba ile kila siku kwa wiki sita, nikimfundisha namna ya kunyanyua, nikimwambia ageuze tena, apandishe juu zaidi, na sikumuuliza hata siku moja kama yeye mwenyewe anaumwa wapi.

Nilimwambia alale kifudifudi kwenye kitanda cha uchunguzi. Nilipitisha vidole kwenye mgongo wake mpaka akashtuka. "Hapo?" "Hapo." Nikamuuliza anafanya kazi gani kwa siku, akanitajia moja baada ya nyingine, kuchota maji, kuni, kukamua, kupalilia, kupepeta, na nilikaa namsikiliza, sikuandika. Nje mtoto alikuwa akilia na mama mwingine aligonga mlango kuuliza kama nimemaliza.

"Bado," nilisema.

Mkamwana alikuwa amelaza shavu kwenye mpira wa kitanda, macho yameelekea ukutani, ambako tumebandika chati ya chanjo. Alisema anaona baridi kidogo pale alipolala. Nikachukua kanga yake aliyoiweka kwenye kiti, nikamfunika miguu, nikaanza kumkanda.